Kaptula Dirishani

"Mwambie dereva asimame. Mtoto kabanwa."

Ilikuwa mara ya tatu Mzee Abdulrahim kusema hivyo, na kila aliposema, Zuleha alitamani sakafu ya basi ipasuke immeze. Mkwewe alikaa kiti cha mbele yake, maana mkwe na mkamwana hawabanani kiti kimoja. Kadiri, mwenye miaka mitano, alikuwa amepakatwa na babu yake juu ya koti zito lililokunjwa.

"Kondakta," Zuleha akaita, "mtoto amebanwa, jamani."

"Ajikaze," Msafiri kondakta akajibu kutoka mlangoni. "Hakuna kuchimba dawa mpaka tuvuke korongo. Mnaliona wingu lile? Maji yakishuka tunalala porini, na huyo mama ndiye atakayetupikia."

Abiria wakacheka. Zuleha hakuwa na cheko.

Hakuwa anakwenda Kondoa kutembea. Tangu mumewe Yahaya afariki, wifi yake Mwajabu alikuwa ameshikilia lake: mtoto wa kaka yake akalelewe kwao, mama anayekaa Nkuhungu, mjini Dodoma, hajui kulea. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu, nao ulitosha. Siku ya arobaini, Kadiri aliulowesha mkeka wa hitima mbele ya walimu waliokaa wanasoma. Mtoto mkubwa vile, bado anajikojolea. Leo Mzee Abdulrahim, baba yao, ndiye angekata shauri, na alikuja mwenyewe mpaka Dodoma kuwachukua.

Kwa hiyo Zuleha alikuwa na ombi moja kwa Mungu: mwanawe afike mkavu. Tangu alfajiri hakumpa hata tone. Chupa ya maji aliifutika chini kabisa ya kikapu. Alimkojolesha nyumbani, akamkojolesha tena stendi, nyuma ya banda la mama ntilie, wakati Mzee amekaa anateremsha kikombe juu ya kikombe cha chai ya maziwa na kuwasimulia watu habari za madrasa yake.

Na sasa Mzee huyo huyo anamtangaza mtoto, basi zima linasikia.

Pa kupita hapakuwepo. Tangu biashara iwe ruksa kila mwenye uwezo kanunua basi, na kila basi linapakia magunia kwanza, watu baadaye. Alizeti ilijaa njiani mpaka usawa wa viti. Zuleha akapenyeza uso katikati ya viti, akanong'ona, "Kadiri, umebanwa?"

Mtoto akatikisa kichwa. Anaogopa, Zuleha akawaza. Nani asingemwogopa mzee huyu? Watu aliowafundisha alifu wana wajukuu sasa, na bado wakimwona kwa mbali wanaficha sigara.

"Mama," Kadiri akasema, "babu anatetemeka."

"Nyamaza. Tulia kwa babu yako."

Mzee hakugeuka. Shingo yake ilikuwa inachuruzika jasho, na mikono yote miwili imeng'ang'ania chuma cha kiti cha mbele. Kakasirika, Zuleha akawaza. Keshaamua huyu.

"Mwambie tena," Mzee akasema, safari hii polepole.

Zuleha akapanda juu ya gunia. Akamwita Msafiri kaka, akamwita baba, akamwapia kwa marehemu mumewe. Dereva akazidi kukanyaga mafuta. Wakashuka korongoni, matairi yakayakata maji ya kwanza yaliyokwisha kufika, basi likaruka kwenye mawe mpaka vichwa vikagonga dari, likapanda ng'ambo, likasimama.

"Haya, dawa. Wanaume kushoto, wanawake kulia." Kisha Msafiri akatazama chini. Kijito kilikuwa kinatoka chini ya kiti cha Mzee, kinatafuta njia kati ya magunia. "Aa, tumechelewa. Mama, mwanao kamlowesha mzee wa watu."

Wengine wakacheka, wengine wakasema pole mzee. Mzee Abdulrahim, ndani ya kanzu iliyoloa mapaja yote, alimshika mtoto kwa nguvu na kutazama mbele.

Basi, Zuleha akawaza, mtoto kaenda kwa Mwajabu. Akamchukua Kadiri, akachukua na kikapu, wakaenda nyuma ya kichaka. Walikaa huko mpaka dereva akapiga honi mara mbili.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kadiri alikuwa amevaa kaptula nyingine. Ile ya mwanzo, inayochuruzika maji, Zuleha aliitundika kwenye chuma cha dirisha, watu wote waione.

"Unisamehe, baba," akasema, na hakupunguza sauti. "Mtoto kakuharibia nguo."

Mzee akaitazama kaptula. Akamtazama mkamwana wake, kisha akainamisha kichwa.

Mwajabu alikuwa anawangoja stendi. Aliiona kanzu, akaiona kaptula, akapiga makofi ya kusikitika ambayo hayakuwa na masikitiko ndani yake. "Nilisema mimi, mkaniona mbaya."

Jioni hiyo ukoo ukakaa barazani. Zuleha alikuwa amekwisha kuzitenga nguo za mtoto na zake. Mzee alikwisha kuoga, akatawadha, akavaa kanzu nyingine.

"Mtoto anakaa na mama yake," akasema. "Neno hili lisirudiwe nyumbani kwangu."

"Baba," Mwajabu akasema, "na ile kaptula hukuiona?"

"Niliiona. Hiyo kaptula ndiyo iliyoniamulia."

Kesho yake, kwenye basi la kurudi Dodoma, Kadiri alilala magotini pa mama yake mpaka korongoni. Alipoamka akakitazama kile kichaka kwa muda.

"Mama," akauliza, "kaptula yangu ilikuwa kavu. Kwa nini uliimwagia maji?"