Saa Kumi Uwe Umerudi

Sare ya mfungwa ilikuwa wapi? Hilo ndilo lililomshtua Sajini Ildefonsi asubuhi ile. Yunusi, mfungwa anayemchotea maji, alikuwa ameinama kwenye ndoo akiwa na shati la kijani, kama mtu anayekwenda mnadani.

"Nimeifua, afande," Yunusi alisema kabla hajaulizwa. "Haijakauka."

Ildefonsi akamwacha aendelee na kazi. Zamani angepuliza filimbi mpaka kota nzima ya askari magereza wa Nachingwea itoke nje. Siku hizi hata filimbi yenyewe hakukumbuka ameiweka wapi.

Alikuwa mapumzikoni, siku tisini, kwa karatasi ya daktari wa akili. Mwezi wa nne mwaka ule wa 2001 alifungua selo namba tatu kuhesabu wafungwa. Waliinuka thelathini na mmoja. Wa thelathini na mbili, kijana mdogo tu, alikuwa amekufa, mwili umekwisha kupoa. Tangu siku hiyo Ildefonsi hakuweza kushika ufunguo. Hata mlango wa nyumba yake hakuufunga tena.

Wenzake walisema anadeka. Askari mzima, anaumwa mawazo! Wiki ya kwanza walikuja wawili, wakaongea habari za mpira, wakatazama saa zao, wakaondoka, wasirudi tena. Mkewe Albina akachukua watoto akaenda kwao Ruangwa, "mpaka utulie." Nyumba ikawa kimya hadi akawa anawasha redio apate tu sauti ya mtu.

Akabaki Yunusi. Mkuu wa gereza ndiye aliyeagiza apelekewe mfungwa wa kuaminika. Mwanzoni aliletwa na askari, lakini tangu siku ya shati la kijani alikuja peke yake. "Naaminiwa sasa, afande," alisema. Naye alikuwa amelala selo namba tatu usiku aliokufa yule kijana, kwa hiyo hapakuwa na la kuelezana. Alijaza ndoo, akaketi kizingitini, akasimulia ufuta wa kwao Nambilanje na nguruwe walivyomaliza mihogo ya shangazi yake. Siku moja Ildefonsi alicheka, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

Jioni ilipokaribia, sajini alimwambia lile lile la kila siku.

"Saa kumi uwe umerudi gerezani."

"Ndiyo, afande."

Ila sare haikukauka wiki nzima. Wiki ya pili Yunusi akaja na baiskeli. Ya nani? Ameazima. Siku mbili baadaye akaja na mihogo ya kuchoma, bado ya moto. Ildefonsi aliila, lakini jicho lake lilikuwa kwenye baiskeli. Miaka kumi na minane ya kazi ilimfundisha kwamba mfungwa mwenye shati la uraiani na baiskeli anapima njia. Akitoroka ataongezewa miaka, na askari aliyejua akanyamaza atavuliwa cheo. Akimripoti, Yunusi atafungiwa ndani, na kizingiti kile hakitakaliwa na mtu tena. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi, na alijionea aibu.

Mwisho wa wiki hiyo ya pili hakuvumilia. Alimwacha Yunusi anajaza ndoo, akavaa kofia yake kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, akatembea hadi gerezani. Pale getini alisimama, akageuka nusu kurudi. Akaingia hivyo hivyo.

Koplo Jenifa alikuwa mezani. Akasimama kwa heshima, macho yamemtoka.

"Nimekuja kuripoti mfungwa," Ildefonsi alisema. "Yunusi Saburi. Anazurura na nguo za kiraia. Lakini msimpige. Amenisaidia sana."

Jenifa akafunua kitabu, akapitisha kidole, akarudia tena kutoka juu.

"Yunusi Saburi? Afande, huyo kifungo chake kiliisha wiki mbili zilizopita. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwenye basi la Ruangwa. Kwani hakupita kukuaga?"