Marehemu Kaja Mwenyewe

"Habari za kazi, afande? Mimi ndiye marehemu."

Sajini alikuwa akipuliza chai yake. Aliinua macho, akaiona sura ya mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta, na kikombe kikamponyoka. Chai yote ilimmwagikia mapajani, moto, wala hakuisikia.

"Marehemu gani?" aliuliza.

"Yule dereva wa lori. Si mmesema fundi baiskeli kaniua kwa spana?" Mgeni alicheka, akajipapasa kifua na mbavu kuhakikisha kila kitu kipo. "Nimetoka safari, nashuka tu mtaani, watu wananikimbia! Mwenye duka karuka dirishani, na tumbo lake lile! Nikasema hapana, hili la kwenda polisi."

Kwenye benchi la ukutani alikaa mama yake fundi, chupa ya chai mkononi, kama alivyokaa karibu kila siku tangu mwanawe atiwe ndani. Kesho yake kijana angepandishwa mahakamani kwa mauaji, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kesi ya namna hiyo huishia wapi. Kitanzini, basi. Mama alimtazama mgeni, akasimama na kupiga vigelegele mpaka mahabusu wote wakaamka.

"Mwanangu hakuua! Jamani, si huyu hapa, mzima, anacheka!"

Kelele zilimtoa mkuu wa kituo ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene, mpenda sifa, na kesi hii ndiyo aliyoitegemea impatie cheo. Alikwishawaita waandishi wa habari akawaambia muuaji amepatikana na amekiri. Sasa alilifungua jalada, akatazama picha ya leseni ya dereva, akamtazama mgeni. Akarudia. Paji la uso lilelile, sharubu zilezile, hata masikio yalivyochomoza ni vilevile.

"Sajini! Wewe ndiye uliyeokota maiti?"

"Ndiyo, afande."

"Na ukazika haraka haraka kabla jamaa zake hawajafika?"

"Ilikuwa imeanza kuharibika, afande."

"Na ukasema fundi kajileta hapa kituoni kwa miguu yake, akakiri?"

"Ndiyo, afande."

"Amekiri kumuua nani sasa? Huyu?"

Jasho lilikuwa likimchuruzika sajini hadi kwenye kola.

"Na tuliyemzika ni nani?" mkuu aliuliza.

"Hata mimi natamani nimjue," mgeni akadakia. "Mtu kalala kwenye kaburi langu, hata hodi hakupiga! Afande, tufukue tu. Leo leo. Tuwaite na wale waandishi wenu, daktari naye aje ampime, tujue ni nani na kafa kwa nini."

"Hakuna kufukua!"

Sajini alilisema kwa sauti iliyomshtua hata mkuu wake. Akajilazimisha kutabasamu, tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

"Yaani, afande, ya nini kusumbua wafu? Ndugu yetu yupo hai, tumshukuru Mungu. Ni kosa dogo tu limetokea."

"Kosa dogo!" Mkuu alijipangusa uso kwa leso. Alishaiona picha yake gazetini, kasimama kando ya kaburi kama mwizi wa kuku. Akamgeukia mgeni, sauti imelainika kama ya mtu anayeomba mkopo. "Sikiliza, ndugu marehemu... samahani, ndugu dereva. Huyu kijana tukimwachia sasa hivi, mambo si yataishia humu humu ndani?"

"Mimi sina neno, afande. Mwachieni tu, nami nitafufuka kimyakimya."

Kufuli likafunguliwa. Fundi alitolewa akichechemea, kakonda, jicho moja limevimba. Mama yake alitaka kumkimbilia, lakini kijana hakumwona hata mama. Macho yake yalikuwa kwa mgeni. Akashika ukuta.

"Haiwezekani," alisema. "Wewe si nili..."

Mgeni alikwishamfikia. Alimkumbatia kwa nguvu, uso wa fundi ukazama wote begani mwake. "Nyamaza, mdogo wangu. Yamekwisha. Twende nyumbani."

"Furaha imemchanganya," mkuu alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Aliwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akawapungia.

Walitoka wote watatu, mama akiimba na kumshika mwanawe mkono utadhani ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Watu waliomtambua fundi walimpigia makofi. Mgeni aliwapungia kila mmoja, akamtania kinyozi aliyebaki kaachama na mashine inanguruma hewani. Wakapita duka la dawa, wakakata kona. Kituo kilipopotea nyuma yao, fundi alijichomoa.

"Wewe si yeye!" "Yeye nilimfumba macho kwa mkono wangu huu. Ndipo nikakimbilia polisi kutoa taarifa, wakanifungia humo."

Mama aliacha kuimba. Mgeni naye hakuwa akicheka tena. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuhangaika kuyafuta.

"Najua. Mama yako alinifuata hadi kwangu kunieleza," alisema. "Mimi ni mdogo wake, tulizaliwa pacha. Haya, tuharakishe, wakili anatungoja, ukamwambie ulivyomwona yule sajini akimpiga kaka yangu risasi."