Pale Muziki Unapokatika

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umepotea, na kila mtu ukumbini alilijua hilo. Karatasi ya ratiba ilisema waziwazi: muziki utakatika ghafla, tafadhali msidhani wapigaji wamegombana.

Mke wa mwalimu aliisoma mara mbili. Hakuhisi furaha wala huzuni. Pembeni yake, kwenye kiti cha magurudumu, mumewe alikuwa ameshakaa mkao wa kula, tai imemkaba shingo.

Kwa zaidi ya miaka kumi mwalimu huyo mstaafu alikuwa akinakili upya, noti kwa noti, kazi ya mtunzi wa karne ya kumi na tisa ambaye dunia ilimsahau kabla udongo wa kaburi lake haujakauka. Makaratasi aliyaokota kwenye stoo ya shule, yameliwa na mende. Ilikuwa kazi ya vyombo vinne vya nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Leo mchana, kwa mara ya kwanza, yangesikika.

"Shikamoo, Mama." Mpiga fidla wa kwanza, mwanafunzi wa zamani wa mwalimu, alikuja kuwasalimu. "Umejiandaa kulia?"

"Marahaba. Machozi yenyewe yamegoma, mwanangu."

Hakuwa akitania. Alikufa ganzi tangu siku ile, miaka kumi na moja nyuma, daktari alipompa mumewe miezi sita ya kuishi. Mwalimu alicheka tu. "Siendi popote mpaka nimalize kazi ya huyu bwana," alisema.

Zilikuwa zimebaki kurasa nne za kunakili. Usiku uleule mke alichomoa ule wa mwisho, akaushonea ndani ya bitana ya koti lake la mvua. Fundi cherehani wa miaka thelathini kazini kama yeye hashindwi na bitana.

Miezi sita ikapita, ikafuata miaka. Mwalimu aliandikia maktaba za mbali, akapekua makabati, akagombana na mende. Kila asubuhi aliamka akiwa na pa kuanzia. Mke alimsaidia kutafuta, uso mkavu, na koti likabaki msumarini. Siku moja aliona mshono wa bitana umekwenda upande, akayalaumu macho yake.

Mwezi uliopita, baada ya kulazwa tena, mwalimu alikubali kazi ipigwe hivyohivyo, bila mwisho. Mke hakubisha. Kazi isiyoisha bado ni kazi, alijiambia. Jumatatu mumewe ataanza kutafuta tena.

Muziki ukaanza. Ulikuwa mzuri, aliliona hilo kwenye nyuso za wengine. Mwanamume wa mstari wa mbele alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mke alikuwa akisubiri tu ukatike. Alipajua mahali penyewe, mumewe alikuwa ameupiga muziki huo kwa mluzi jikoni mara elfu: selo inapanda, fidla zinajibu, halafu kimya.

Selo ikapanda. Fidla zikajibu. Watu wakakaa sawa kusubiri kimya.

Wapigaji wote wanne wakafunua ukurasa, wakaendelea.

Mumewe akautafuta mkono wake, akaushika. "Niliunakili mwaka uleule ulipouficha," alimnong'oneza. "Ila sasa nimechoka kutafuta, mke wangu."