Hori la Minza

Kiangazi kilipokausha nyasi zote za malishoni, Malale alifika kwa shemeji yake Minza pamoja na mchinjaji.

"Shemeji, tuwauze kabla hawajafa," alisema, akionyesha mbavu za ng'ombe walioachwa na marehemu kaka yake. "Wangu hao hapo nje, nawapeleka leo hii."

"Wako ni wako," Minza akajibu. "Hawa watakula."

Alikatakata mabua ya mahindi, akayamwaga horini, akachanganya na mashudu ya pamba na chumvi kidogo, kisha akanyunyizia molasi aliyoizimua kwa maji. Mchinjaji akacheka. "Ng'ombe naye anapikiwa?"

Fahali aliyekonda kuliko wote akanusa, akalamba, kisha akazamisha kichwa na kutafuna kwa kelele. Wengine wakasukumana kumfuata. Minza akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Huko nje, ng'ombe wa Malale nao walikuwa wameinusa ile molasi. Wakaingia zizini mkukumkuku wakitimua vumbi. Mchinjaji akapiga kelele warudishwe, lakini Malale alisimama tu, akimtazama shemeji yake.

Minza akavuta mzigo mwingine wa mabua, akainua panga kuwakatia na hao.