Kura ya Mbonea

Sheria za nchi zilipitishwa ndani ya mchezo wa mtandaoni, na mswada ulioshinda ulianza kutekelezwa siku hiyo hiyo. Mbonea alikuwa mbunge wa mchezo huo. Asubuhi, chama chake kilileta mswada wa kuwanyang'anya mashine za kupumulia wazee waliovuka miaka themanini.

“Baba Senzia, mama yako ana themanini na mbili, na anapumulia mashine,” mkewe Nakijwa alimkumbusha.

“Nikikipinga chama, kiti changu kimekwenda.”

Akabonyeza “Ndiyo.” Mswada ukapita kwa kura moja.

Adhuhuri, Mbonea akiwa kando ya kitanda cha mama yake, maofisa wawili waliingia chumbani. Simu ya Mbonea ilikuwa bado inapiga vigelegele vya chama.

“Umeshinda, mwanangu?” mama aliuliza.

“Nimeshinda, mama.”

“Hongera,” akasema akitabasamu, na ofisa mmoja akachomoa waya wa mashine ukutani.