Kioo cha Poda

Tumbo la sungura lilikuwa likipanda na kushuka, na wauguzi wa watoto njiti waliokuja kujifunza kwake jinsi ya kuingiza mrija wa pumzi waliguna kwa kuridhika.

Mimi niliyeshika taya nilijua tunatazama maiti. Kifua kilikuwa kimetulia tuli. Mrija ulikuwa umepita njia ya chakula, na pampu ilikuwa ikijaza upepo tumboni. Ulimi niliouvuta pembeni kwa koleo ulishakuwa wa buluu, na ute mzito ulinichuruzikia kidoleni.

Mkuu wa maabara aliona pia. Alinitupia jicho la kunifunga mdomo.

"Tunahakikisha kwa kioo," akawaambia wageni. "Pumzi ikitoka, kioo kinafanya ukungu. Dada, niazime chako."

Nikampa kile cha poda yangu. Akakigusisha kwenye mrija, akageuka kama anatafuta mwanga, akakihemea kwa mdomo wake mwenyewe, bila haya. Halafu akawaonyesha.

"Mnaona? Anapumua kunishinda mimi."

Wakacheka. Muuguzi mmoja wa makamo akauliza, "Kwa hiyo hata kwa mtoto ni hivihivi?"

"Hivihivi tu, mama."

Akanirudishia kioo. Kilikuwa na majimaji ya mdomo wake na kilinuka vitunguu. Hicho ndicho ninachojitazamia kila asubuhi.

Nikachomoa pampu. Nikakifuta kioo kwa koti, nikakishika mbele ya mrija.

"Sogeeni karibu," nikawaambia. "Tusubiri ukungu."