Mpira wa Kukatia

Saumu alirudi kutoka sokoni akaukuta mkeka wake wa mpira wa kukatia vitambaa umejikunja juani kama chapati iliyoungua.

"Nimekuoshea," alisema mumewe, Kitwana. "Kwa maji ya moto kabisa."

"Ya moto! Huu huoshwa kwa maji ya baridi, bwana wee, ukaanikwa kivulini!"

Aliutandaza sakafuni, akamwamuru alale juu yake mpaka unyooke. Kitwana akajilaza, mikono kifuani, anaangalia dari. Saumu alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Miaka yote aliwashonea maharusi wa watu mablanketi ya viraka, na huyu hajapata hata moja.

Akachukua chaki, akachora mstari penye visigino vya mumewe.

"Lako litaishia hapa."

Vidole vya miguu vya Kitwana vikaanza kucheza.